Meno Yaliyolala

Awino alikufa mwezi wa nane, na jambo la kwanza nililolihisi, nisidanganye mtu, lilikuwa wivu. Binti yake, Akinyi, alinipigia simu asubuhi nikitandika kitanda. Akaniambia Mama ametuacha, mazishi ni Jumamosi, nyumbani Bondo, na kwamba watu walikuwa wameanza kumiminika tangu jana: walimu, wachuuzi wa samaki, wanakwaya, na mheshimiwa fulani alikuwa ametuma hema mbili. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda na foronya mkononi. Machozi yalikuja, tena yalikuja kweli, lakini kabla ya machozi nilijiuliza: mimi nikifa, nani atanitumia hema? Nina wajukuu watatu na goti linaloniuma mvua ikikaribia. Nilidhani umri kama huu humwondolea mtu upuuzi. Wapi! Nilipanda basi kwenda Bondo nikiwa nimevaa gauni langu zuri kuliko yote, na sababu ya kulivaa haikuwa heshima peke yake.

Nitaruka habari za kwetu, nani alizaa nani na nani alilima wapi. Hazina kazi hapa. Nianze na chumba. Miaka ya tisini ilikuwa imeingia juzi tu, na mimi na Awino tulikuwa wasichana wawili kati ya wavulana wengi katika chuo kimoja cha ufundi mjini Kisumu. Yeye alikuwa upande wa kukata na kuchomelea vyuma, mimi upande wa kuchora ramani za mitambo. Chuo hakikuwa na bweni la wasichana kwa kuwa hakuna aliyefikiria tungekuja, basi tukakodi chumba Kaloleni, kwa Mama Zuhura. Kilikuwa na vitanda viwili vya springi vilivyolia ukigeuka, stovu ya mafuta ya taa, meza moja tuliyoigawa kwa mstari wa chaki, na pazia la maua mekundu. Pazia lilikuwa la Awino, kwa hiyo lilining'inia upande wake, na jua la asubuhi lilipopita pale lilimpaka rangi yeye peke yake. Unaona nilikuwa mtu wa namna gani? Nilimwonea mtu wivu kwa sababu ya jua.

Mama Zuhura alikuwa mjane Mwislamu, mzaliwa wa Kisumu, ambaye babu yake mmoja alitoka pwani na mwingine Sudan. Kijaluo alikisema kama sisi, ila akikasirika alirudi kwenye Kiswahili chake kilichonyooka, na hapo ungejua umekosa. Alipika mandazi ya kuuza. Ukuta uliotutenga naye ulikuwa wa mbao nyembamba, hata ukipiga chafya ungesikia "Afya!" kutoka upande wa pili. Asubuhi moja nikivaa viatu nilimsikia akiwaambia wateja wake: "Yule Awino, mashallah, akitoka nje hata kuku wanamsalimia. Mwenzake sasa! Sura kama ametozwa faini." Wateja wakacheka. Awino naye alisikia, akacheka, akanirushia mto akisema, "Usijali, yule mama anakupenda." Hicho ndicho kilichoniudhi zaidi, kwamba angeweza kucheka.

Chakula chetu kilikuwa ugali na ngege, sato wa ziwani, na wiki ikiwa mbaya, omena, wale dagaa. Jumamosi tulitembea mpaka Dunga kununua samaki kwa akina mama wanaopokea mitumbwi, tukarudi na ngege mmoja mkubwa wa kugawana. Awino alikula kichwa, mimi nikala mkia. Hakuna aliyepanga hivyo. Siku ya kwanza alikuwa amekivuta kichwa upande wake kwa furaha ya mtoto, akanyonya macho, akanyonya mashavu, na mimi nikanyamaza, na tangu hapo ikawa sheria. Wala sikukitaka kichwa. Macho ya samaki yananitia kichefuchefu mpaka leo. Lakini kila Jumamosi nilimtazama akikila, nikajisikia kama nimeibiwa.

Pale Dunga ndipo jambo letu lilipoanzia. Akina mama walikuwa na oda za hoteli na za shule, karai kwa karai, na kila ngege alitolewa magamba kwa kisu au kwa kipande cha ubao kilichopigiliwa vifuniko vya soda. Magamba yaliruka yakawaingia machoni na nyweleni. Miiba ya mgongoni iliwachoma. Kati yao alikuwepo mmoja tuliyemwita Nyar Uyoma, yaani binti wa Uyoma, kwa kuwa wanawake walioolewa huku huitwa kwa jina la walikotoka. Jumamosi moja alikuwa amefunga vidole vitatu kwa kitambaa. Mimi niliona vidole, nikasema pole, nikachagua samaki. Awino alichuchumaa, akavifungua, akavitazama, akamuuliza ni samaki wangapi kwa saa, maji yanatoka wapi, kisu kinashikwaje. Njia nzima ya kurudi alikuwa akihesabu kwa vidole. Wiki iliyofuata alianza kutengeneza pipa.

Alichukua bati zito, akalitoboa kwa msumari kutoka nje ili kila tundu liache ncha kali upande wa ndani, kisha akalikunja likawa pipa. Akalilaza juu ya vyuma viwili ndani ya beseni la maji, akaliwekea mkono wa kuzungushia. Unatia samaki kumi ndani, unafunga, unazungusha, wanabiringika juu ya zile ncha, na magamba yanatoka kupitia matundu. Ncha hizo tuliziita meno. Alitengeneza na kadogo kake ka jikoni, kipande cha bati lenye meno yale yale kilichokunjwa juu ya mpini wa mti, mama akishike aparue nacho samaki mmoja wa kulisha watoto wake. Hicho tulikiita kiparuo. Mwalimu wetu wa karakana, Bwana Barasa, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alikuwa akipita hapo mara tatu kwa siku akitikisa kichwa kwa furaha. "Kubwa la kiwanda, dogo la nyumbani," alikuwa akisema. "Huyu msichana atatufikisha mbali."

Siku ya kulijaribu tulilibeba mpaka Dunga kwa mkokoteni. Awino akazungusha, akina mama wakasongamana, tukafungua. Samaki walitoka bila magamba, ni kweli. Walitoka pia bila ngozi. Walikuwa wameraruka ubavuni kama nguo iliyonaswa kwenye seng'enge. Huku kwetu hilo si jambo dogo. Mgeni hupewa samaki mzima, kichwa na mkia, na ngozi ikiwa imechanika samaki huvunjika kwenye mafuta, na mpishi huaibika mbele ya mashemeji. Nyar Uyoma alimwinua mmoja kwa mkia, akamwonyesha kila mtu. "Yawa! Hii umeosha samaki ama umepigana nayo?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Hii hata paka itauliza ilikuwa nini!" Awino naye alijaribu kucheka, kisha akainama kuwaokota wale samaki. Na mimi, rafiki yake, mwenzake wa chumba, nilihisi kitu kitamu kikinishuka kifuani. Nilikaza uso wa huruma, lakini ndani nilikuwa na sikukuu.

Alikaa wiki mbili akibadilisha hiki na kile. Alifupisha meno, samaki wakatoka na magamba. Akayarefusha, wakatoka bila ngozi. Jumapili moja alasiri alikuwa ameketi kizingitini amejiinamia, sahani ya ugali imepoa kando yake, na mimi nilikuwa ndani nikikata kipande cha chuma cha kushikia pazia kwa msumeno mdogo wa karakana. Nikautazama ule msumeno. Meno yake hayajasimama. Yamelala yote upande mmoja. Ukiusukuma unakata, ukiuvuta unateleza. Nikasema bila hata kufikiri, "Awino, si uyalalishe tu?"

"Nilalishe nini?"

"Meno. Usipige msumari wima. Upige kwa mshazari, jino lilale. Ukizungusha upande huu litaingia chini ya gamba, ngozi halitaigusa."

Aliinua kichwa polepole. Akaja, akauchukua msumeno mkononi mwangu, akaupitisha kidole huku na huku. Halafu alipiga kelele iliyomfanya Mama Zuhura agonge ukuta akiuliza kuna nini. Aliniinua juu, mimi niliyekuwa mzito kuliko yeye, akanizungusha chumbani mpaka tukaangusha stovu. Wakati huo hatukuwa tumefikiria jambo hili ni la nani. Nafikiri ndiyo dakika ya mwisho katika mwaka ule ambayo nilimpenda bila kitu kingine kuchanganyika humo.

Meno yaliyolala yalifanya kazi siku ya kwanza. Ngege kumi waliingia, wakatoka kumi safi, ngozi inang'aa. Akina mama hawakucheka tena. Nyar Uyoma aliita wenzake kwa jina mmoja mmoja, akamshika Awino mkono, akamtembeza ufuoni kama bibi harusi. "Nyar Bondo! Nyar Bondo amefanya kazi!" Awino aligeuka, akanionyesha kwa kidole, akasema kitu, lakini kelele zilikuwa nyingi na mimi nilikuwa nimeshika ndoo. Kuanzia siku hiyo nilikuwa mtu wa kushika ndoo. Kwenye maonyesho ya kilimo kule Mamboleo, watu walipanga foleni kuliona pipa. Awino alizungusha na kueleza, mimi nikaleta samaki na kumwaga maji machafu. Mpiga picha wa gazeti alikuja. Picha ilipotoka nilinunua gazeti, nikaenda kulitazama peke yangu nyuma ya soko. Mimi nilikuwemo pia, ukingoni: kiwiko changu.

Na bado ningevumilia. Kilichonimaliza nilikisikia dirishani. Bwana Barasa alikuwa na mgeni kutoka Nairobi, mtu wa suti aliyekuja kuona kazi za wanafunzi, na mimi nilikuwa nje ya karakana nikiosha kalamu zangu za wino. Mgeni aliuliza, hawa wasichana wawili, kazi ni ya nani? Mwalimu akajibu bila hata kusita: "Yule mrefu ndiye kichwa. Huyu mwingine ni mkono tu. Anachora vizuri sana, lakini ni mkono." Hakusema kwa ubaya. Bwana Barasa hakuwa na ubaya hata kidogo. Nilibaki pale bombani mpaka maji yakajaa viatuni.

Jumamosi hiyo Awino alipoweka sufuria mezani nilinyoosha mkono nikakivuta kichwa cha samaki kwenye sahani yangu.

"Eh! Leo unakula kichwa?"

"Kwani kina jina lako?"

"Hapana, kula. Sikujua unakipenda. Ungesema tu."

Nilikila. Nilikila macho na kila kitu, nikimeza kama dawa, na yeye akanitazama kwa furaha. Tangu Jumamosi hiyo alinipakulia kichwa kila wiki bila kuulizwa, akala mkia, na mimi sikuweza tena kurudi nyuma. Mama Zuhura akawaambia wateja wake kwamba mwenzake Awino amekonda siku hizi, labda ana mchumba.

Halafu zikaja fomu. Bwana Barasa alituita ofisini, akatandaza karatasi mezani kwa vidole viwili kama anayetandaza kitambaa cha altare. Alitueleza kuwa zamani mtu wa huku akibuni kitu ilibidi aanzie London, lakini sasa maombi yanapokelewa Nairobi. Karatasi yenyewe inaitwa hataza. Sisi tulisema patenti. Ni hati ya serikali inayosema kitu hiki kimebuniwa na fulani, na mwingine haruhusiwi kukiunda na kukiuza bila ruhusa yake. "Sasa sikilizeni vizuri," alisema. "Kisichokuwa kwenye karatasi si chenu. Kila kinachofanya hii mashine ifanye kazi lazima kionekane kwenye mchoro na kwenye maelezo. Maelezo nitaandika mimi nikifuata mchoro. Mchoro ni wa Apondi. Huyu Apondi hakosei," akaninyooshea kidole. Nilisikiliza vizuri, kuliko alivyotaka.

Nilichora kwa siku tano katika chumba cha michoro, dirisha likiwa wazi, harufu ya ziwa na ya molasi ya viwanda vya sukari ikiingia kwa zamu. Nilichora pipa, beseni, mkono wa kuzungushia, mlango, mpini wa kiparuo, kila skrubu. Siku ya nne nikafika kwenye meno. Kalamu ikasimama. Nilikuwa na kiparuo mbele yangu kama mfano, meno yake yamelala vizuri, moja moja, na nikasema moyoni: haya ni yangu. Hiki ni kitu kimoja katika mwaka mzima ambacho ni changu, na sasa mkono wangu mwenyewe unatakiwa ukichukue ukampe. Kama mimi ni mkono, basi mkono utachora pipa la Awino, lile la kwanza, na meno yake ya kwanza. Nikayasimamisha. Yote, wima kabisa, kwa wino usiofutika. Nilijiambia huo hata si uongo, kwa kuwa pipa la kwanza lilikuwa hivyo. Nilijiambia meno ya kulala nitayatunza, siku moja nichukue karatasi yangu peke yangu. Sikuwahi kuichukua, wala sikuwahi kujaribu. Lakini kazi niliifanya kwa usafi ambao sijaufikia tena maishani.

Awino hakujua kusoma mchoro. Chuma alikijua kwa vidole. Karatasi ilimpa usingizi. Aliishika, akaigeuza huku na huku, akaangalia ile mistari myembamba, akasema, "Yawa, Apondi. Huu mkono wako ni wa ajabu." Angesema neno lingine lolote! Kama moyo wangu ulikuwa na nia ya kurudi chumba cha michoro asubuhi na karatasi mpya, na nafikiri ulikuwa nayo kidogo, neno hilo liliiua. Bwana Barasa aliukunjua mchoro chini ya miwani yake iliyofungwa waya, akaandika maelezo akiufuata mstari kwa mstari bila kurudi kulitazama pipa, na kwenye maelezo akaandika meno yaliyosimama wima.

Siku ya kusaini Awino alikuja amevaa blauzi ya kanisani. Alinisogezea kurasa zile za Kiingereza akiwa na tabasamu ambalo sikuweza kulitazama. Nililiona la kiburi.

"Soma kwanza," alisema.

"Nisome nini? Si naijua."

"Soma bwana, Apondi. Hii ukurasa moja tu."

"Nisaini wapi?"

"Lakini soma!"

"Mwalimu, nisaini wapi?"

Bwana Barasa alinionyesha mstari kwa ncha ya kalamu. Nilidhani ni mahali pa mchoraji, au pa shahidi. Nikasaini kama mtu anayepokea mzigo wa mwenzake, nikatoka. Nyuma yangu nilimsikia mwalimu akisema msichana huyu ana haraka, na Awino akasema, "Ako na mambo mengi. Ataiona ikitoka."

Mwezi uliofuata nilipata kazi ya kuchora katika kiwanda kimoja cha sukari, nikafunga godoro langu. Mama Zuhura alinipa mandazi ya njiani na kuniambia, "Mwanangu, wewe una donge. Litoe, litakuua." Nilimwambia sijui anasema nini. Awino alinisindikiza, akalia hadharani bila haya, na mimi nikawa natazama saa. Aliandika barua. Ya tatu, miaka kadhaa baadaye, ilisema: "Karatasi yetu imetoka! Njoo tupige nayo picha." Karatasi yetu! Nilisema, ona anavyojifanya mkarimu, sasa amepata anataka kunigawia maneno. Sikuijibu. Sikujibu hata moja. Aliolewa, nikatuma salamu kwa mtu. Nilisikia ana karakana yake, ana wasichana anaowafundisha, na kila habari njema iliyonifikia ilinikaa tumboni siku mbili.

Halafu, nikiwa na mtoto mgongoni katika soko la Nakuru, niliviona viparuo vimepangwa kwenye gunia. Mpini wa plastiki nyekundu, bati lililokatwa kwa mashine. Vilitoka kwenye kiwanda ambacho sitakitaja, na hakikuwa cha Awino. Nikapitisha kidole gumba juu ya meno. Yalikuwa yamelala. Mtu fulani alikuwa ameona kiparuo halisi pale Dunga au Mamboleo, akakinunua, akakiiga, na karatasi ya Awino haikuweza kumgusa, kwa sababu karatasi ilisema wima. Nilielewa yote pale pale, nimesimama kati ya vitunguu. Ningependa kusema nilisikitika. Nilifurahi. Nilinunua kimoja, nikaenda nacho nyumbani, na furaha iliisha kabla sijafika mlangoni, lakini ilikuwepo.

Hayo ndiyo niliyoyabeba kwenda Bondo pamoja na gauni langu. Nje kulikuwa na watu mpaka barabarani, hema mbili kama nilivyoambiwa, nyama ikichemka kwenye sufuria za kanisa. Niliwahesabu wanakwaya kwa uchungu. Wanawake waliovaa maovaroli ya karakana, wote wanafunzi wake, walikuwa wamelizunguka jeneza. Akinyi alinitambua kabla sijajitambulisha, akanikumbatia kwa mikono mirefu ya mama yake, akaniingiza sebuleni. "Anti Apondi, wewe si wa kukaa nje. Kaa hapa, nakuletea chakula." Akaingia jikoni, na mlango ukiwa wazi nilimwona akiparua samaki kwa kiparuo cha mpini mwekundu.

Ukutani, juu karibu na dari kama nyumba zetu zote, picha zilikuwa zimening'inia zikiinama mbele: harusi, watoto, kalenda ya zamani. Katikati palikuwa na fremu pana kuliko zote. Ndani yake, bega kwa bega, hati yenye muhuri na nakala ya mchoro wangu. Niliutambua kabla ya kuvaa miwani. Nilipanda juu ya kigoda, mtu mzima na goti langu, ili nione vizuri jina la Awino kwenye hati, nijiumize nalo mara ya mwisho. Kulikuwa na majina mawili. Wabunifu, kwa Kiingereza, na chini yake: Consolata Apondi. Rosebella Awino. Langu lilikuwa la kwanza. Bila shaka walifuata alfabeti, najua. Nililisoma mara tatu, nikalisoma la nne kwa kidole juu ya kioo.

"Anti, shuka utaanguka," Akinyi alisema nyuma yangu. "Ama hukuwa umeiona?"

"Sikuwa nimeiona."

"Lakini ulisaini."

"Nilisaini."

Alinishika kiwiko nikashuka. Akaniambia mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniambia. Kwamba wakati viparuo vya plastiki vilipotokea, mama yake alienda kwa wakili na hii fremu kwapani, akidai haki ya watu wawili. Kwamba wakili alimwonyesha meno kwenye mchoro, akamwambia arudi nyumbani. Kwamba wajomba walikasirika, wakasema mchoraji alihongwa na wale wa kiwanda, na Awino akagombana nao mpaka wakaacha kukanyaga hapa mwaka mzima. "Alikuwa anasema Apondi alisahau. Alikuwa na kazi nyingi, alisahau, basi. Hata hospitali alisema hivyo." Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa heshima, kama mtu anayeuliza ili afunge mlango tu. "Ni kweli, Anti? Ulisahau?"

Uongo ulikuwa tayari, Awino mwenyewe alikuwa ameniandalia miaka yote hiyo; kazi yangu ilikuwa kuitikia kwa kichwa. Nje mchungaji alikuwa anajaribu kipaza sauti.

"Sikusahau," nilisema. "Niliyasimamisha makusudi. Nilimwonea mama yako wivu."

Akinyi alinitazama. Akatazama ukuta. Akageuka akaingia jikoni, na mimi nikashika mkoba wangu nikijua ameenda kuwaita wajomba. Nikasubiri. Alirudi na jagi la maji na beseni, akaninawisha mikono bila kuniangalia usoni. Kisha akaleta sahani na kuiweka mbele yangu. Ngege mzima, ngozi yake safi kabisa, kichwa kimegeuzwa upande wangu.

"Mama aliagiza siku ukija upewe kichwa," alisema. "Alisema ndicho ulichokuwa unakipenda."

Nilikila chote, mashavu, macho, mpaka mifupa, na Akinyi alisimama pale pale na jagi mkononi akingoja nimalize.